Miaka Yangu Minne ya Kuchoka

Nilianza kuchoka msimu wa kuchuma kahawa, na kwa kuwa msimu huo kila mtu huwa amechoka, hakuna aliyeona, hata mimi mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji kimoja cha Mbozi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Vwawa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Salome kama ninavyomwita nyumbani, ni Mnyiha wa palepale, mkulima wa kahawa na mahindi. Mimi ni Mndali wa Ikinga, kule Ileje. Tulikuwa na binti mmoja, Salome, na tuliishi na mama mkwe wangu.

Naandika sasa kwa kuwa nimepona, au niseme nimepona kiasi cha kuweza kuandika. Namwandikia yule aliyeambiwa na kila mtu kwamba hana ugonjwa, na bado asubuhi hawezi kuinua ndoo.

Haukuwa uchovu wa jembe. Uchovu wa jembe naujua, ukilala unaondoka. Huu nililala nao nikaamka nao. Kabla jogoo hajawika nilikuwa macho tayari, nimelala kimya, nikihesabu hatua za kutoka kitandani hadi jikoni, nikiona ni nyingi mno. Darasani niliandika hesabu tatu ubaoni kisha nikakaa, na watoto wakadhani nawatega. Nikiita mahudhurio nilifika katikati nikasahau nilikuwa nimemwita nani. Mtoto akiniuliza jambo, nilisikia maneno, lakini maana yake ilichelewa kufika, kama vile mtu anayezungumza kutoka ng'ambo ya bonde.

Mvua zilipoanza nilikwenda zahanati. Mganga wa zahanati alikuwa mtu mwema, mwenye wagonjwa wengi na dawa chache. Alinigusa shingo, akasema malaria. Nikameza klorokwini, nikajikuna mwili mzima siku tatu, uchovu ukabaki. Wiki ya tatu nikarudi, akanipa tena. Mara ya nne akanipa vidonge vya kuongeza damu, mara ya tano dawa ya minyoo. Kila mara nilitoka pale na matumaini, kwa sababu nilikuwa na kitu mkononi. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kutoka Ivuna kumuuguza bintiye. Aliniona nimeegemea ukuta, akavua kanga yake ya pili, akaikunja na kuiweka chini ya kichwa changu bila kuniuliza naumwa nini. Nilikaribia kulia. Siku hizo kulia kulikuja bila sababu, na palipokuwa na sababu hakukuja.

Mwili nao ulibadilika. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Gauni la kazini likaanza kuzunguka kiunoni, nikalibana kwa pini. Halafu, kipindi cha baridi, siku zangu zikakatika. Mama mkwe ndiye aliyegundua. Alichinja kuku, akanipa paja na supu, na kuanzia siku hiyo akaninyang'anya ndoo ya maji. Salome alikuwa ameshatimiza miaka tisa bila mdogo wake, kwa hiyo furaha ya mama yule naielewa. Baba Salome naye alianza kuniuliza nimekula nini. Mimi mwenyewe niliamini. Nilijiambia, kumbe ndiyo maana nachoka.

Mwezi wa nne wa kungoja, damu ikarudi. Mama mkwe aliona nguo niliyoianika. Hakunilaumu. Asubuhi yake nilikuta ndoo imewekwa mlangoni mwangu, na hilo lilinitosha kuelewa.

Wasomaji wasioishi vijijini huenda wasijue ilivyokuwa wakati ule kuchoka hadharani. Tulikuwa tumehamia kijijini miaka michache tu kabla ya hapo, nyumba zimepangwa kwa mstari, na Jumanne na Alhamisi kijiji kizima kililima shamba la pamoja. Kazi ilikuwa kipimo cha utu. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto nyimbo za kuwakejeli kupe na wanyonyaji, na niliziimba kwa moyo. Msimu wa pili wa kahawa, siku moja ya Alhamisi, nilipiga matuta mawili, nikakaa juu ya la tatu. Watu walinipita. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilikaa pale mpaka wenzangu walipogeuka mwisho wa shamba na kurudi upande wangu.

Jumapili iliyofuata, balozi wetu wa nyumba kumi alisema mkutanoni kwamba kupe wengine wamesoma na wanavaa viatu. Hakutaja jina. Watu walitazama miguu yangu. Baba Salome alikuwa amekaa upande wa wanaume, na niliona jinsi alivyoinamisha kichwa. Tuliporudi nyumbani niliandaa maneno ya kujitetea, lakini sikujua nijitetee vipi, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni uvivu. Nilijipima usiku na mchana. Nilijiambia, ungekuwa mgonjwa kweli ungekuwa na homa. Mtu asiye na homa, asiye na kidonda, asiye na kikohozi, anaumwa nini?

Shemeji yangu, kaka yake Baba Salome, ndiye aliyetupeleka kwa mganga wa kienyeji upande wa Ndalambo. Mimi ni Mkristo na mume wangu ni Mkristo, na njia nzima hatukutazamana. Mganga alinichanja mikononi na kwenye nyonga, akapaka unga mweusi, akasema mtu aliyenifunga ni wa damu yangu, mwanamke, na tulinyonya ziwa moja. Hakuongeza neno. Sikuamini. Lakini nilikuwa na dada mmoja tu, Tumpe, kule Ikinga. Barua yake iliyokuja mwezi ule sikuijibu. Iliyofuata sikuifungua. Namna gani mtu asiyeamini jambo anatenda kama anayeliamini, mpaka leo siwezi kueleza. Nilimkosesha dada yangu neno langu kwa muda wa miaka miwili, naye hakuwahi kujua kosa lake.

Yaliyonipeleka hospitali hayakuwa huruma ya mtu. Ilikuwa ni karatasi. Nilianguka darasani, si kwa kuzimia, niliteleza tu kutoka kwenye kiti na kuona sakafuni ni pazuri zaidi. Watoto wakamwita mwalimu mkuu. Yeye alikuwa amenivumilia sana, akanieleza kwa upole kwamba ofisi ya elimu itataka cheti cha daktari, la sivyo hataweza kuendelea kuniandika kazini. Aliandika barua ya kunipeleka hospitali ya Mbeya na akaongeza kwamba mgonjwa asindikizwe. Kwa hiyo Baba Salome alikwenda nami. Ulikuwa msimu wa tatu wa kahawa, na aliacha mibuni ikiwa imeiva.

Walinipima damu, choo na mkojo, wakanipiga picha ya kifua wakitafuta kifua kikuu. Siku mbili tulikaa kwenye mabenchi. Baba Salome alijifunza majina ya wagonjwa wote waliokaa karibu nasi, akawa anamshikia mzee mmoja fimbo yake akiingia chooni. Majibu yalipotoka yote yalikuwa mazuri, na nadhani mimi ni mtu pekee aliyewahi kulia kwa kupata majibu mazuri. Daktari akatuelekeza jengo lingine. Nilisoma kibao cha mlangoni, nikamgeukia mume wangu nikamwambia turudi nyumbani, mimi si kichaa. Akasema karatasi haijasainiwa.

Tukaingia wote wawili. Ndani alikuwepo daktari kijana, Mtanzania, na muuguzi wa makamo ambaye kila mtu alimwita sista. Daktari alitaka kujua nalala saa ngapi, naamka saa ngapi, nakula nini. Aliniuliza kama nina huzuni. Nilimjibu kwamba sina huzuni, nimechoka. Niliona ananidharau, kwa sababu alitabasamu kidogo, kumbe wengi humjibu hivyo. Kisha akauliza, "Mwalimu, leo ulipoamka ulitamani nini?"

"Kulala," nikasema.

"Na kama ungelala usiamke tena?"

Nilitazama mikono yangu. Sikuwa nimewahi kulisema jambo hilo kwa mtu, wala kwa Mungu, na sikulisema pale pia, lakini kimya changu kilikuwa kirefu mno. Nikasikia kiti cha Baba Salome kikilia. Alikuwa amesimama, halafu akakaa tena, kama mtu aliyesahau alichosimamia.

Daktari alisema huo ni ugonjwa, una dawa, na kwamba hautokani na uvivu wala dhambi. Aliongeza kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona chochote. Akamwambia mume wangu asiniache peke yangu wiki hizo. Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Basi la kurudi lilipofika kituo cha njiani, Baba Salome alinunua chungwa, akalimenya polepole, akalitenga vipande, akanipa kimoja kimoja mpaka likaisha. Yeye hakula hata kipande.

Dawa ya kwanza ilikuwa vidonge vidogo vilivyoitwa imipramini. Wiki ya kwanza mikono ikaanza kutetemeka. Ubaoni herufi zangu zilikuwa kama za mtoto wa chekechea, na darasa likacheka. Nilitoka jasho wakati wenzangu wamevaa makoti, na moyo ulinidunda mpaka nikausikia masikioni. Uchovu ulikuwa palepale, ila sasa ulikuwa uchovu unaotetemeka. Siku ya ishirini nilivitupa vidonge vyote chooni na sikumwambia mtu.

Sasa nakwambia wewe unayesoma kwamba usifanye hivyo. Baada ya siku chache nilianguka chini kuliko nilikokuwa. Sikutoka kitandani. Mama mkwe alininywesha uji kwa kijiko, na siku moja nilimsikia nje akimwambia mwanawe kwa Kinyiha, akidhani sisikii, kwamba msiba umeanza kabla ya maiti. Baba Salome alipojua habari ya vidonge alinikaripia kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Alisema ameacha kahawa yake idondoke chini kwa ajili yangu, nami nimetupa dawa. Nilimwambia aniache nife basi. Salome alikuwa mlangoni. Katika yote ya miaka ile, hilo ndilo ninalojutia zaidi.

Tulirudi Mbeya mvua zikinyesha. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa. Sista alinishika mkono, akautazama, akasema, "Dawa ile ndiyo iliyokukataa, mama, si wewe uliyeikataa. Lakini ungekuja utuambie."

Akanipa nyingine, amitriptilini, niimeze jioni. Hii nayo ilinilaza. Nililala mpaka jua limepanda, nikaamka ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma, na choo sikupata kwa siku tano. Nilitafuna miwa darasani kwa siri ili kupata mate. Safari hii nilimwandikia sista barua badala ya kutupa. Alijibu kwamba nikate kidonge katikati kwa wembe, nimeze nusu, na baada ya wiki mbili niongeze kidogo. Baba Salome ndiye aliyekikata kila jioni, juu ya kisahani, akiwa amekunja uso kama mtu anayetengeneza saa.

Wiki zikapita. Sikuona kitu. Watu hudhani utaamka siku moja ukiwa mzima. Haikuwa hivyo. Nilisubiri furaha, kwa kuwa ndiyo niliyodhani itakuja, na haikuja. Kilichokuja kwanza kilikuwa hasira.

Balozi alipita kwetu asubuhi moja kuwataka watu wa kukarabati barabara. Akasema, bila ubaya nadhani, kwamba Mwalimu tutamwacha, yeye ni wa kukaa. Nilikuwa nachambua maharage. Nikasimama. Nilimwambia kwamba nimekuwa mgonjwa kwa miaka mitatu, kwamba yeye aliponiita kupe mbele ya watu hakuwahi hata siku moja kuja kuniuliza naumwa nini, na kwamba balozi kazi yake ni kujua hali za watu wa nyumba kumi zake. Nilisema kwa sauti, na nilisema mpaka mwisho. Alitoka bila kuaga. Nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja, ungo umepinduka. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Amerudi."

Sikujua kama nilikuwa nimerudi. Lakini jioni ile nilifungua barua za Tumpe zilizolala kwenye sanduku. Katika mojawapo aliniomba nimwambie alichonikosea. Nilimwandikia kurasa sita. Alikuja mwenyewe kabla mvua hazijaisha, akiwa na kapu la ndizi kichwani, na nilipomweleza habari ya mganga wa Ndalambo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba kama niliamini, sawa, nilikuwa mgonjwa, lakini siku nyingine nimuulize kwanza. Tumepatana. Hata hivyo lipo jambo dogo kati yetu ambalo halijarudi mahali pake, na sitasema uongo hapa kwamba limerudi.

Hali ilipoanza kutengemaa, dawa ikaadimika. Ilikuwa baada ya vita na Amini, wakati hata sabuni ilikuwa habari. Sista aliandika kwamba hospitali hawana, na hawajui lini watapata. Daktari akanipa barua yenye mhuri, kwamba nikiweza niitafute upande wa Zambia. Baba Salome alikuwa akifahamiana na mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyehamia mpakani na malori yake. Tulimfikia na vidonge vinne vikiwa vimebaki. Mkewe, Bi Mwajuma, alisoma barua, akanitazama, akajifunga buibui akasema twende wote. Wanaume aliwaacha barazani.

Tulivuka mpaka kwa miguu. Duka la dawa lilikuwa limejaa. Muuzaji alizungumza Kibemba, Kiingereza na Kiswahili kidogo, na barua ya daktari aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika mlangoni, dawa hii ni ya nani na ya ugonjwa gani. Mle ndani walikuwamo watu watatu wa Vwawa niliowajua kwa sura. Ningeweza kusema ni ya mama yangu. Bi Mwajuma aliniminya kiwiko, sikujua ananiambia niseme au nisiseme.

Nikasema, kwa Kiswahili ili wote waelewe, "Ni yangu. Nina ugonjwa wa kukata tamaa. Nikiikosa silali."

Muuzaji akageuka kwenye rafu. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa Vwawa alinifuata nje, akaniuliza hospitali yenyewe iko upande gani na siku za kliniki ni zipi. Hakusema anamuulizia nani.

Vidonge vile vilikuwa na rangi tofauti na vya Mbeya, na wiki nzima nilivimeza kwa hofu, nikijitazama kama mtu anayechungulia maziwa jikoni. Vilifanya kazi. Niliendelea navyo msimu mmoja zaidi, kisha daktari akanipunguzia taratibu, nusu, robo, siku moja ndiyo siku moja hapana, mpaka nikaacha. Mwaka mmoja baadaye uchovu ulirudi kwa mwezi mzima, nikavianza tena mapema, bila kungoja kuanguka darasani. Sasa ni mwaka wa pili sivitumii. Nafundisha darasa la saba. Nalima, ingawa si kama zamani, na nikichoka nasema.

Watu huniuliza niliumwa nini hasa. Je, mwili ulichoka ukauangusha moyo, au moyo ulianza? Nimemuuliza hata daktari, naye akasema yeye anajua zaidi kuutibu kuliko kuueleza. Kwako wewe uliye katikati yake nina machache. Dawa ikikuumiza, rudi ukaseme. Ikichelewa, ngoja kidogo. Mtafute mtu wa kukukatia kidonge. Usimnyime mtu neno lako kwa sababu ya kitu ulichoambiwa ukiwa mgonjwa.

Kiangazi kilichopita mimi na Baba Salome tulikuwa kwenye vichanja tukichagua kahawa. Kwa muda mrefu nilikuwa nataka kumuuliza jambo, nikaona nimuulize mikono yetu ikiwa na kazi. Nilimuuliza kama, mwaka ule wa tatu, aliwahi kufikiria kunirudisha Ikinga.

Akaendelea kuchagua. Kisha akasema, "Nilifikiria. Tulishapanga na kaka. Tulisema baada ya mavuno."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo, na bado liliniingia. Nikamuuliza kwa nini basi hakunipeleka.

Alishika punje moja, akaigeuzageuza muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Sijui," akasema. "Mpaka leo sijui, Mama Salome."

Nilifurahi kwamba hakutunga jibu. Nikasogea upande wake wa kichanja, kwa sababu upande wangu nilikuwa nimemaliza.